Kiwiko cha Dereva

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kioo, na jina hilo hakulipata kwa kubembeleza. Chuma kikipita mikononi mwake, ukikisogelea unajiona mpaka chunusi. Ndiyo maana mdogo wake alilivuta lori la marehemu baba yao hadi gereji kwake.

"Dada, ling'arishe. Jumamosi mnunuzi anakuja."

Fundi aliungua moyoni. Lori lile ndilo lililowalisha na kuwavisha. Lakini baba alimwachia mdogo wake, na cha mtu ni cha mtu.

"Kwa nini uliuze?"

"Limekaa tu uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mke wangu kaniambia nichague, yeye au lori."

"Na huyo mnunuzi?"

"Ana hoteli. Ataliegesha mlangoni, nyuma apande maua, wageni wapige picha."

Maua! Lori lililobeba saruji na ng'ombe wa watu likapandwe maua! Fundi alimeza mate, akafunga kanga kiunoni.

"Nitaling'arisha mpaka ushindwe kuliuza."

Mdogo wake akacheka. "Ukiling'arisha ndiyo litauzika zaidi, dada yangu."

Kucheka alikuwa na haki. Kila kitambaa kitakapopita, lori litazidi kumkaa mnunuzi moyoni. Lakini kazi ya nusunusu Fundi Kioo hakuijua, na isitoshe, yeye alimjua mdogo wake tangu anatambaa.

Akafungua bampa, grili, vifuniko vya magurudumu na tepe za kromu za milangoni, akavipanga juu ya magunia. Palipobonyea alipagonga kwa nyundo ya mbao kutoka nyuma, taratibu. Kisha msasa wa maji, wenye meno makali kwanza, laini baadaye. Mwisho mashine yenye gurudumu la kitambaa, uchafu mweusi ukimrukia usoni mpaka yakabaki macho na meno. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Ijumaa asubuhi mdogo wake alipita kuchungulia. Fundi akamtupia kitambaa.

"Shika huo utepe wa mlango wa dereva. Ngozi yake ya kromu imekwisha, mashine itaumaliza. Unataka mkono."

"Mimi muuzaji, siyo fundi."

"Mnunuzi ni kesho. Shauri yako."

Habari ya kromu ilikuwa kweli tupu. Mengine aliyoyafikiria alikaa nayo.

Mdogo wake akasugua huku ananung'unika. Ghafla manung'uniko yakakatika. Katikati ya utepe, mahali panapokaa chini ya dirisha, kromu ilikuwa imetoweka kabisa, shaba ya chini inang'aa njano, pameliwa kidogo kama jiwe la kunolea kisu.

"Hapa pamefanywa nini?"

"Unaniuliza mimi? Nani alikuwa anaendesha?"

Mdogo wake akakunja mkono, akaweka kiwiko pale. Kikaingia sawasawa. Baba yao aliendesha hivyo siku zote, jua au mvua, kiwiko nje, anapiga mluzi.  Fundi aliwasha mashine makusudi, ili mdogo wake apate kulia bila kusikika. Jioni ilimkuta bado anasugua utepe uleule.

Jumamosi, kila kitu kimeshafungwa mahali pake, mwenye hoteli alilizunguka lori, akajitazama kwenye bampa, akarekebisha kola.

"Hili nalichukua, bei yako hiyohiyo," alisema.

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa.  Fundi akajiona kajichimbia kaburi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Mwenye hoteli akapanda kwenye kiti cha dereva, akashusha kioo, akatoa mkono nje.

"Nipigeni picha moja!"

Kiwiko chake kikatua juu ya ile shaba.

"Toa kiwiko," alisema mdogo wake.

Mwenye hoteli akacheka, akidhani wanaogopa jasho lake litachafua mng'aro. "Bwana, si nalinunua?"

"Nimesema toa kiwiko hapo! Shuka. Lori haliuzwi."

Mtu yule akashuka, akaondoka akitukana mpaka kona. Mdogo wake akachukua kitambaa begani kwa dada yake, akapafuta mahali pale, akapafuta tena.

"Sasa mke wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie umeshachagua," alisema Fundi Kioo. "Wanaohama ni kuku."