Kikombe Kimoja cha Damu ya Dubwana

Mume wangu alikuwa anageuka udongo, na mama yake alikuwa ananipigia kelele mimi.

"Wewe mwanamke, umesimama hapo kama nguzo! Magoti yameshaganda, sasa yanafuata mapaja! Unangoja nini?"

"Nafunga mkanda, mama!"

"Funga huku unatembea!"

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Enzi zile tukiwa askari wenye heshima zetu, yeye alikuwa mganga wa kikosi, na ulimi wake haujawahi kustaafu. Lakini kwa mambo ya sumu hana mpinzani. Alfajiri mume wangu alikwenda kuteka maji, dubwana likamkwangua ubavuni. Mama alipoona vidole vya miguu vinapauka na kupasuka kama tope lililokauka, alijua hapo hapo. Dawa ni moja tu: damu ya dubwana lenyewe, kikombe kimoja, inywewe ingali moto. Udongo ukiwahi kufika moyoni, basi, tunazika chungu.

Tulikuwa tunaishi kwenye kiwanda cha ngozi kilichoachwa, nje ya ukuta wa mji. Kiwanda hakuna aliyekitaka kwa sababu ya harufu, na sisi hakuna aliyetutaka kwa sababu ya alama. Walituchoma shingoni kwa chuma cha moto siku tuliyokataa kuziba milango ya nyumba za watu na kuzitia moto wenyewe wakiwa ndani. Kikosi kizima tulikataa. Tangu siku hiyo, anayetupa hata maji ya kunywa anachapwa viboko hadharani. Njaa iliwamaliza wengi. Tukabaki wanne wa familia moja, na hasira zangu, ambazo ukizihesabu tunakuwa watano.

Dubwana lilikuwa limejichimbia ukumbi wa nyuma, kwenye mashimo ya chokaa ambamo zamani ngozi zililowekwa ili manyoya yatoke. Tukaingia mimi na shemeji, mdogo wake mume wangu, tumefungana kamba kiunoni, kikombe nimekining'iniza mkandani. Ndivyo tulivyofundishwa: mwenye ngao mbele, mwenye mkuki nyuma, kamba katikati, asiwepo wa kumkimbia mwenzake. Ngao ilikuwa ya shemeji. Ana mwili wa kubeba mlango na fremu yake, na mdomo usiojua wakati wa kunyamaza.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kama tunakufa, nisife nalo moyoni. Mchuzi wa jana haukuwa na chumvi."

"Tukipona utapika wewe. Tembea!"

Ngozi zilizooza zilining'inia kwenye kulabu, tukawa tunazisukuma kwa mabega. Ghafla ngozi moja ikasogea yenyewe. Mama yangu! Dubwana lilikuwa kubwa kuliko fahali wawili, magamba mgongo mzima, kucha zinatona majimaji ya kijani. Likapiga ngao pigo moja, shemeji akaserereka sakafuni hadi akanikanyaga. Nikachoma. Mkuki ukateleza magambani. Nikachoma tena, kwapani, kwa nguvu zangu zote na za ukoo wangu, mpini ukakatika mikononi mwangu. Likatusukuma nyuma, nyuma, nikasikia pumzi yake usoni. Nikasema kimoyomoyo, kwisha habari yetu.

Hapo baragumu likalia kwenye ukuta wa mji.

Kila adhuhuri askari wa mji hupiga mazoezi ya baragumu, na mpangilio haujawahi kubadilika. Mlio mrefu: rudini nyuma. Mlio wa kukatika: laleni chini. Mlio wa kupanda: shambulieni. Ukilelewa na jeshi, baragumu haliingii masikioni, linaingia magotini. Mlio mrefu uliposikika, mimi na shemeji, wapumbavu wawili tuliokwisha kufukuzwa, tukarudi nyuma hadi tukagonga ukuta.

Na dubwana nalo likarudi nyuma. Mguu kwa mguu, kwa adabu kabisa.

"Umeona?" shemeji akasema, sauti imemkauka.

Nimeona! Na nikaona shingoni pake, chini ya magamba, alama ya chuma cha moto, ile ile yetu. Tulikuwa tukisikia kwamba jeshi linafuga madubwana ya vita, tukadhani ni porojo za kutishia maadui. Kumbe ni kweli, na hili hapa, zee, nusu ya meno hayapo, limetupwa nje kama sisi. Nani ajuaye lilikataa nini.

Likalia baragumu la kukatika. Dubwana likaanguka kifudifudi. Shemeji naye, puu, chini, na kamba ikanibwaga juu yake.

"Inuka!"

"Limesema tulale!"

"Kwani baragumu limekuoa? Inuka, ndugu yako anakufa!"

"Siwezi, shemeji! Mwili umegoma!"

Nilijua ni mlio gani unaofuata, na hautachelewa. Nikachomoa kisu nikaikata kamba. Jeshini, anayekata kamba ananyongwa, lakini liwalo na liwe. Nikakimbia hadi kwenye kichwa cha dubwana, nikalishika sikio, nikalichana. Likaguna tu. Amri ni amri. Jicho lake lilinitazama wakati damu nyeusi inajaa kikombe, moto kiasi cha kuniunguza vidole. Nililionea huruma.

"Pole," nikaliambia. "Pole sana."

Mlio wa kupanda.

Likasimama juu yangu lote, nami nina kikombe kilichojaa, sina ngao, sina mkuki. Nikangoja meno. Hayakuja. Lilikuwa linautazama mkono wangu mtupu. Nikaelewa. Kwenye shambulio, askari hutazama mkono wa kamanda. Unakoelekeza ndiko anakokwenda, haulizi. Kulia kwangu kulikuwa na shimo la chokaa, refu, tope lake linameza ng'ombe mzima. Kushoto, lango la kiwanda na uwanda mtupu. Hili ndilo lililomgeuza mume wangu udongo. Sitaficha: mkono ulianza kuelekea kulia. Dubwana likakunja miguu, tayari kuruka, haliulizi.

Hapana. Mimi si kama wale waliotuamuru.

"Kule!" Nikanyoosha mkono kushoto. "Nenda!"

Likatoka likinguruma kwa furaha, mkia juu kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Na nyuma yake, lahaula, akatoka shemeji, ngao mbele, anapiga ukelele wa vita, wakapita langoni sambamba.

Sikuwa na muda naye. Nikakimbia, kiganja juu ya kikombe.

"Umefika kifuani!" mama akalia. "Leta!"

Midomo ilikuwa imekauka kama kigae. Mama akaipanua kwa kijiko, mimi nikamimina. Funda la kwanza likamwagika shingoni. La pili nalo. "Meza, baba, meza," nikambembeleza, mimi nisiyejua kubembeleza. La tatu, koo likacheza. Tukaona ufa ukipita kifuani pake, udongo ukaanza kubanduka vipande vipande, chini yake ngozi, jasho, mume wangu.

"Kichungu," akasema.

"Maliza!"

Mama mkwe alinishika mkono, analia. Nami nikalia kwa sauti, sikujali.

Mume wangu akageuza macho chumbani. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Mbali uwandani mawingu mawili ya vumbi yalikuwa yanakimbia, moja kubwa na moja dogo, yanakwenda moja kwa moja kule nilikoelekeza. Ukutani wamemaliza mazoezi. Baragumu la kurudi halitalia hadi kesho.

"Anashambulia," nikamwambia.

"Anashambulia nini? Nani kampa amri?"

"Mimi."

Neno hilo liliponitoka, kicheko kilichokuwa kinakuja kikaisha: nilikuwa nimeamuru kama wale. Nikamkabidhi mama kikombe, nikafunga mkanda huku natembea, nikatoka mbio kuwarudisha. Wote wawili.