Uzito wa Pahing

Kila alfajiri, baada ya sala na kabla ya chai, Mama Ngatilah alitoa matofali manne yaliyovunjika chini ya kwato za Pahing na kuweka manne mazima. Alianza na mguu wa mbele wa kulia kwa sababu ndio uliokuwa mvumilivu kuliko mingine. Farasi aliunyanyua, mama akachomoa vipande, akapenyeza tofali jipya, na mguu ukarudi chini kwa kishindo cha mlango wa ghala. Vipande alivitupa kwenye njia ya kuingilia, ambayo kwa namna hiyo ilikuwa imeshajengwa mpaka barabarani bila kumgharimu mtu rupia.

Bila matofali Pahing alizama. Mjini alikuwa na namba tu, arobaini na mbili. Jina alipewa kwa ile siku ya soko aliyoletwa, Pahing, mojawapo ya siku tano za soko za Kijava. Siku hiyo walimwacha kwenye udongo mtupu, na kufikia adhuhuri alikuwa ndani mpaka magotini, wakamchimbua kama muhogo. Tangu hapo wafyatuaji wa matofali wa kitongoji cha Watugiling walimletea yale yaliyoungua vibaya kwenye tanuri. Hawakuuliza mengi. Farasi mmoja hula sana, mwingine hung'ata, huyu alizama.

Uwanja ulikuwa na farasi kumi na mmoja, wote waliochakaa kwa kuvuta magari ya abiria katika jiji la Yogya. Watu waliuita Nyumba ya Wastaafu, na walitania kwamba hao ndio wastaafu pekee wa kitongoji wanaopata posho. Posho yenyewe ilitoka kwa watani haohao. Kila nyumba ya Watugiling ina kopo lililotundikwa ukutani upande wa mbele, na kila jioni mwenye nyumba hutia humo konzi moja ya mchele. Watu wa zamu huyapitia, mchele huuzwa, na fedha hununua taa za njiani na sanda za wasio na ndugu. Miaka saba iliyopita, Mama Ngatilah alipoanza kuokota farasi, kitongoji kilikaa kikakubaliana kwamba Jumatatu na Alhamisi makopo yatiwe pumba. Hakuna aliyewahi kusahau siku. Asiye na pumba alitia maganda ya muhogo, na asiye na maganda alikuja mwenyewe kusomba samadi. Watu wa namna hii ukikutana nao, waamkie wewe kwanza.

Shida ya Pahing, basi, haikuwa kuzama. Shida ilikuwa kwamba hakuwa akilala. Farasi husinzia wima, hilo linajulikana, lakini asipolala ubavu hata kidogo, mwisho usingizi humwangusha wenyewe. Wiki ya saba tangu aletwe, Daktari Retno wa mifugo alikuja na pikipiki yake. Alisikiliza moyo, akapapasa mgongo kwa muda mrefu, kisha akageuza ndoo akaikalia.

"Huyu haumwi, mama," alisema. "Hajashushwa mzigo."

"Mzigo gani tena, daktari? Gari lilibaki mjini."

"Gari ndiyo. Abiria bado wapo. Si kila gari lina kibao, watu watano? Hao watano walishuka wakaenda zao. Wa sita, wa saba, wa nane, hao hawajamshuka mpaka leo. Miaka kumi na tisa, mama. Anaogopa kulala kwa sababu watamvunja."

"Ana muda gani?"

"Mwezi, akijikaza. Akianguka haamki."

Aliandika "abiria wa ziada" kwenye daftari, akala vipande viwili vya tempe ya soya ya kukaanga, akakataa malipo kama ilivyo kawaida yake, akaondoka.

Mama Ngatilah alibaki kwenye ndoo ileile. Alimjua Pahing zamani kabla hajawa Pahing. Marehemu mumewe, Sarjiman, ndiye aliyemwendesha miaka kumi na mmoja ya mwisho. Masharti ya mwenye magari yalikuwa mepesi kuyakumbuka: nauli ya abiria watano ni ya tajiri, wakizidi hao nauli ni ya mwendeshaji. Mshahara mwingine hakuna. Abiria wa sita aliwanunulia mchele. Wa saba alimsomesha binti yao Lastri mpaka akawa mkunga. Sikukuu zilipofika, Mama Ngatilah mwenyewe alisimama kando ya gari akiwasukuma watu ndani na kusema, "Sogeeni kidogo jamani, nafasi haikosi." Alilikumbuka hilo neno kwa neno, akaona haya mbele ya farasi.

Juma hilohilo alikuja Mzee Harjito, mwenye ardhi ya uwanja. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akanywa chai ya tangawizi, akalia kidogo, akasema figo zake zimeharibika na kuna mtu wa nyumba za wageni anatoa milioni mia moja na themanini.

"Ukizipata wewe, mama, ardhi ni yako kwa bei hiyohiyo. Usipozipata, mwisho wa mwezi unisamehe."

Uwanja ulikuwa na milioni mbili na laki nne, na nusu yake ilikuwa deni la nyasi.

Aliyeleta mlangoni njia ya kuzipata zile milioni mia moja na themanini alikuwa Parwoto, mchinjaji anayeuzia mabanda ya mishikaki ya farasi. Kila mwezi alipita kuuliza kama kuna aliyekufa. Alimwona Pahing, akayaona na matofali yaliyopasuka, akakuna kidevu. Aliomba wampeleke kwenye mizani ya malori pale matanurini. Pahing alitembea polepole, barabara ikibonyea nyuma yake, akapanda mizani, na mshale ukaenda ukasimama kwenye kilo elfu nne mia moja na ishirini.

"Elfu hamsini kwa kilo," alisema Parwoto. "Milioni mia mbili na sita."

"Mbavu zinahesabika hizo," Mama Ngatilah alimwambia. "Nyama iko wapi?"

"Kilo ni kilo, mama. Mimi nanunua ninachopima. Utaniambia."

Alimwachia namba ya simu, ingawa mama alikuwa nayo tangu miaka saba iliyopita.

Jumapili wanawake walikutana nyumbani kwa Mama Wasinem kwa upatu wa mwezi. Mama Ngatilah aliwaeleza yote, hata yale ya Sarjiman na abiria wa saba. Mama Wasinem, ambaye hakujua kuzungusha maneno, alimega kipande cha keki ya mchele akasema, "Uza. Mmoja aende, kumi wabaki na ardhi ibaki. Hesabu ya darasa la pili hiyo, shoga yangu."

Hakuna aliyempinga, kwa sababu ilikuwa kweli hesabu ya darasa la pili. Mama Ngatilah naye alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuamua hivyo njiani, na kilichobaki kilikuwa kupata mtu wa kumwambia.

Mlangoni alikuwa amesimama Poniman, mfyatua matofali, aliyekuja kumchukua mkewe.

"Mjini alikuwa namba ngapi huyo?" aliuliza.

"Arobaini na mbili."

"Gari la kijani, taa moja kilema?"

"Hilohilo."

"Basi ndilo lililonipeleka harusini. Tulikuwa tisa, na mama mkwe."

"Mama mkwe wako peke yake ni watatu!" alidakia mkewe Sutini, na nyumba nzima ikacheka. Kisha kicheko kikapungua chenyewe. Mama Wasinem aliweka keki chini. Alisema yeye alilipanda mwaka wa mafuriko, na gunia la nazi. Mwingine alikwenda nalo kujifungua. Mwingine alisema kila sikukuu, na watoto wanne magotini. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu haukuwa wa mwenzao.

Walikwenda uwanjani jioni ileile wakiwa bado na nguo za upatu. Poniman alimwekea Pahing mkono mgongoni, akapapasa kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni, akashika kitu, akavuta. Bega lake likashuka.

"Kilo hamsini na nane," alisema. "Kumbe nilikuwa mwembamba."

"Na mama?" aliuliza Sutini.

"Mama yako aje mwenyewe."

Alikuja kesho yake. Walikuja pia wa vitongoji jirani waliosikia, mmojammoja, kila mtu akichukua uzito wake wa zamani na kuondoka nao ameinama kidogo. Kwa siku tatu uwanja ulikuwa kama ofisi ya posta. Lakini wengi waliokalia gari lile walikuwa wageni wa Jakarta na kwingineko ambao hawangekuja kamwe, na hao hawakuwa na wa kuwachukulia. Hapo Watugiling wakafanya wanachojua kufanya. Kila asubuhi, wakipita kwenda matanurini, walileta makopo yao, wakachota konzi moja ya uzito mgongoni kwa Pahing, wakarudi kuyatundika. Misumari iling'oka, wakafunga kwa waya. Ukuta wa Poniman uliegemea barabarani, akauwekea nguzo. Hakuna aliyepiga hodi kudai kitu.

Parwoto naye alikuja kila jioni na kumpima, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara mwaminifu. Kila konzi iliyotoka ilikuwa fedha inayotoka. Siku ya tisa mshale ulisimama kwenye elfu tatu na mia sita kamili.

"Milioni mia moja na themanini," alisema. "Sitaki kukuficha, mama. Kesho itakuwa pungufu. Leo hii nina lori."

Watu waliokuwapo waliangalia kando ili wasimsukume upande wowote. Mama Ngatilah aliutazama uwanja, ulioonekana kutoka pale mizani: farasi kumi kwenye kivuli, paa alilolipiga bati kwa mikono yake, njia nyekundu ya vipande vya matofali. Moyo ulimuuma, na asingetaka mtu amwambie kwamba haukumuuma. Pahing alikuwa amesinzia wima juu ya mizani, midomo ikicheza, magoti yakilegea na kujikaza, yakilegea na kujikaza.

Mama Ngatilah alikuwa hajachukua chochote bado. Siku zote alikuwa akishika hatamu. Sasa alimpa Parwoto hatamu aishike, akaenda mgongoni, akachota kwa mikono yote miwili. Alichota tena. Wa sita wa miaka kumi na mmoja walikuwa wengi, na wa saba hawakuwa wachache, lakini alikuwa mwanamke wa mashambani na alijua namna ya kuweka mzigo kichwani. Alipomaliza shingo yake ilikuwa imeingia mabegani, na mshale ulikuwa umeshuka chini sana ya elfu tatu na mia sita.

"Haya, mama," alisema Parwoto, akamrudishia hatamu. Alikuwa amekasirika kidogo, ila alisaidia kumteremsha farasi.

Siku nne baadaye Pahing alikuwa na kilo mia mbili na kumi na nne, sawa na mbavu zake. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alizunguka mahali pamoja mara mbili, akanusa mchanga, akakunja miguu ya mbele, akashuka, akajilaza ubavu wote na kunyoosha shingo. Alikoroma. Watu wapatao arobaini walisimama uani wakimtazama akikoroma, na Mama Wasinem, yule wa hesabu ya darasa la pili, alilia kwa sauti mpaka akaambiwa atamwamsha.

Mwisho wa mwezi ardhi iliuzwa. Mzee Harjito aliomba msamaha, akapewa, akaenda kutibiwa. Farasi hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walikwenda majumbani: mmoja nyuma ya tanuri la Poniman, mmoja kwenye banda la baiskeli la mwalimu, mmoja sebuleni kwa wajane wawili waliosema hawana wageni siku hizi. Ilichukua asubuhi moja. Mama Ngatilah alimchukua Pahing jikoni kwake, na siku hizi huzunguka nyumba kumi na moja kila siku akikagua kwato, ameinama, hapumziki, na akichelewa kidogo watu humwita barabarani, "Mama, mstaafu wangu anakuuliza!"

Wiki ya sikukuu alikwenda mjini kumwona Bwana Danuri, mwenye magari. Alimweleza yote kwa utulivu na kumwomba awape waendeshaji mshahara, au, kama hilo gumu, aje Watugiling achukue japo konzi moja. Bwana Danuri alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Aliagiza chai.

"Nakuamini kabisa, mama," alisema. "Lakini mimi sijapanda gari la farasi maisha yangu. Nina motokaa. Sasa nichukue uzito wa nani?"

Alikuwa akisema kweli. Aliposimama kumsindikiza alitembea wepesi sana kwa mtu wa umri wake, na zulia halikubonyea.

Nje barabara ilikuwa imejaa. Gari la farasi lilisimama mbele yake, na mwendeshaji, kijana mwenye macho ya usingizi, alimwinamia kwa adabu.

"Panda, mama, nikufikishe sokoni. Sogeeni kidogo jamani, nafasi haikosi."

Mama Ngatilah alihesabu vichwa: saba. Alimtazama farasi, jike la kahawia, na kwato zake zilivyokuwa zimeanza kuacha alama kwenye lami. Alitoa nauli yake, akamwekea kijana mkononi, akamfumba vidole juu ya fedha.

"Hii ya wa nane, mwanangu. Nami natembea."

Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akamwombea Mungu ampe umri mrefu. Na kabla Mama Ngatilah hajafika kwenye taa za njia panda, kwenye nafasi ileile ya wa nane kijana alikuwa ameshampakia mtu mwingine.