Kuku wa Mzee Barua

Fundi alipohamia nyumba ile na mumewe, dereva wa lori, alichagua chumba cha nyuma kiwe cha kushonea kwa sababu ya dirisha. Lilikuwa dirisha pana, na mwanga wake ulidumu mpaka jioni. Mtu aliweza kutunga uzi kwenye sindano saa kumi na moja bila kukunja uso. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba hatua tatu kutoka dirishani kulikuwa na uzio wa mabati makuukuu, na nyuma ya uzio kulikuwa na mitetea saba na jogoo mmoja.

Wiki ya kwanza alitamani kufunga virago. Jogoo aliwika asubuhi, akawika mchana alipomwona paka, akawika hata mvua ilipokatika, kana kwamba yeye ndiye aliyeikatiza. Mitetea nao, kila mmoja akitaga, ilikuwa lazima mtaa mzima ujue. Mumewe akipiga simu kutoka safarini aliuliza, "Mbona uko sokoni saa hizi?"

"Niko chumbani kwangu," Fundi alijibu. "Hao ni majirani."

Lakini sikio huzoea. Ndani ya miezi miwili alikuwa akikanyaga cherehani yake huku kuku wakitetea, na wakinyamaza alinyanyua kichwa kutazama kuna nini.

Wenye kuku walikuwa wazee wawili. Mume alikuwa amepeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne mpaka akastaafu, na kila mtu alimwita Mzee Barua. Mkewe alikuwa mpishi wa hospitali, mwanamke wa mwili, mwenye sauti iliyozoea kushindana na sufuria kubwa. Aliitwa Mama Barua, ingawa hakuwahi kupeleka hata bahasha moja. Watoto wao walikuwa wakubwa, wametawanyika na kazi zao. Mzee alipokosa milango ya kubisha, alihamia kwa kuku. Asubuhi na alasiri aliingia bandani na ndoo ya pumba, akaanza mazungumzo, na Fundi dirishani alisikia kila neno.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kuku wale walikuwa na majina, na kwamba majina yenyewe yalikuwa ya watu wa mtaa.

"Karani, punguza maringo, hakuna anayekutazama." Karani mwenyewe aliishi nyumba ya kona, na alitembea shingo juu kana kwamba kola inambana. "Mwenye Duka, umekula, umeondoka, umerudi. Waachie na wenzako." "Mwalimu, usimdonoe mwenzio kichwani, hapa si darasani." Jogoo aliitwa Mkuu, jina la bosi wake wa zamani pale posta. "Kelele nyingi, kazi hamna," Mzee alimwambia uso kwa uso. Siku hiyo Fundi alicheka mpaka akashona mkono wa blauzi mahali pa shingo.

Na kulikuwa na mmoja aliyeitwa Fundi, mtetea mweusi mwenye madoa meupe shingoni.

"Fundi, umeamkaje?" Mzee alimuuliza kuku yule kila asubuhi, na Fundi wa cherehani, pini zikiwa mdomoni, alijibu kimoyomoyo, "Salama, Mzee." Ilikuwa furaha ndogo ambayo hakumwambia mtu, hata mumewe.

Fundi na mumewe walikuwa na miaka tisa ya ndoa, na mtoto hakuwa amepatikana. Walikwenda hospitali wakapimwa wote wawili, wakaambiwa wavute subira, wakaivuta. Ndugu wa mume walikuwa wameacha kuuliza, na kule kuacha kulimuuma kuliko maswali. Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Alijua kiuno cha kila mtoto wa mtaa na nani amerefuka tangu mwaka jana. Sare zikiisha alizipiga pasi, akazikunja, akazipanga. Basi.

Alasiri moja, alikuwa akipinda sketi, sauti ya Mama Barua ikaruka mabati bila kubisha hodi.

"Huyu Fundi wako mwaka wa pili huu hatagi! Anakula tu, anatembea tu. Wa nini? Jumapili anaingia sufuriani."

Mzee alijibu kitu kwa sauti ya chini. Fundi hakukisikia. Miguu yake ilikuwa imesimama juu ya kanyagio. Gurudumu la cherehani lilizunguka kidogo peke yake, kisha nalo likatulia. Aliinuka, akafunga dirisha, akashusha pazia.

Kesho yake aliikokota cherehani mpaka sebuleni, kwenye mwanga hafifu na joto la bati. Mzee Barua alipoleta suruali yake itiwe kiraka, alimjibu mlangoni, "Nina kazi nyingi, Mzee. Jaribu kwingine." Mzee alibaki amesimama na suruali mkononi kama mtu aliyefika kwenye anwani ambayo haipo, kisha akaaga na kwenda zake. Mumewe aliporudi safari akauliza, "Vipi, karakana imehamia sebuleni?"

"Kule kuna vumbi."

Alimtazama mkewe, akaacha. Alimjua: jambo lake halitoki kwa kuvutwa.

Yalipita majuma matatu. Siku ya Alhamisi, Fundi alisikia kitu kikipekua chumba cha nyuma. Akafungua mlango. Mtetea mweusi alikuwa amepenya chini ya mabati, akaingia kwa mlango wa uani, na sasa amekaa juu ya kapu la vipande vya vitambaa, anamtazama kwa jicho moja.

Fundi alimkwapua, akambana kwapani, akatoka mlango wa mbele. Kila hatua hasira ilipanda. Alipofika uani kwa wazee alikuwa anahema.

Mama Barua alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Mzee alikuwa anapigilia ubao wa kiota.

"Mama, nimewaletea tasa wenu," Fundi alisema. "Nilisikia anaingia sufuriani. Naona mmechelewa."

Nyundo ilinyamaza. Mama Barua alimtazama kuku, akamtazama Fundi, akamtazama kuku tena. Sinia likashuka taratibu mpaka mapajani.

"Mungu wangu. Ulinisikia."

"Mtaa mzima unakusikia, Mama."

"Mwanangu, nilikuwa nasema kuku. Naapa, nilikuwa nasema kuku tu."

"Kuku mwenye jina langu."

Mama Barua akamgeukia mumewe. "Wewe na majina yako! Mara ngapi nimekwambia kuku ni kuku? Haya, mwambie mwenyewe."

Mzee alisimama, akavua kofia. "Unakumbuka wiki mliyohamia? Kifaranga alipita chini ya mabati akaingia kwako, akajizongazonga na nyuzi miguuni mpaka mguu ukavimba. Ulimshika, ukazikata zile nyuzi kwa mkasi mdogo, moja moja, ukanirudishia juu ya uzio. Hata jina langu ulikuwa hujalijua. Nikamwambia huyu mke wangu, kifaranga huyu sasa ni wa Fundi."

Fundi alikumbuka, lakini kwa mbali. Siku hizo akili yake yote ilikuwa kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa. Kitu kidogo kiganjani, chepesi kuliko kibiringo cha uzi. Ndiye huyu?

"Na siku ile Mzee alijibu nini?" alimuuliza Mama Barua. "Uliposema sufuria. Sikumsikia."

"Alisema siku Fundi atakapochinjwa, nimtafutie na yeye chumba cha kupanga."

Fundi alitaka kuendelea na hasira yake, maana alikuwa ameitunza majuma matatu. Lakini kicheko kilimtoka puani, na nyuma ya kicheko yakaja machozi, na kuku bado yuko kwapani. Mama Barua aliinuka kwa tabu, akampokonya kuku, akampa mumewe, akamkalisha Fundi kwenye kiti chake mwenyewe. Hakumpa ushauri. Hakumtajia dawa, wala mganga, wala binamu wa mtu aliyezaa akiwa na miaka arobaini na tano.

"Nisamehe," alisema. "Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi. Nilitakiwa kujua kwamba mtu aliye upande wa pili wa pazia anasikia."

Kisha akamsogezea sinia, wakachagua mchele pamoja mpaka jua likahama uani.

Ukimuuliza Fundi leo miaka yake mizuri ni ipi, atakutajia iliyofuata hapo. Cherehani ilirudi dirishani. Suruali ya Mzee ilipata kiraka, na kiraka kikapata kiraka. Kila alasiri Mzee alimpa habari za bandani: nani ametaga, nani amenuniana na nani, Mkuu amekimbizwa na panya. Mayai yalivuka uzio ndani ya kofia. Mume wa Fundi akirudi safari alishusha gunia la pumba kwa majirani kabla ya kushusha begi lake. Na Mama Barua, likija suala la kuku, alijitahidi kunong'ona. Mnong'ono wake ulifika mpaka dukani.

Kuku wakizeeka wakifa, majina yalirithiwa na wadogo. Mtaa ulikuwa na Karani wa pili na Mwenye Duka wa tatu bila wenyewe kujua. Jina la Fundi peke yake halikurithiwa. Mtetea mweusi hakutaga hata yai moja maisha yake yote, na asubuhi moja hakuamka kiotani. Mzee alimfukia nyuma ya banda, kisha akazunguka mpaka mlango wa mbele wa Fundi, akavua kofia na kumpa habari akiwa amesimama wima, kama mtu aliyepeleka habari za namna hiyo kwenye milango mingi.

Kwa Fundi na mumewe mtoto hakuja. Walilia walipolia, wakaacha.

Halafu macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Binti yao, muuguzi wa mji mwingine, alikuja kuwachukua.

"Kuku tuwauze," binti alisema.

"Hawauzwi," Mzee alijibu. "Wana wenyewe."

Jumamosi alivaa kofia yake ya posta, akamwomba Fundi amshike mkono kwenye mawe, wakaanza kupeleka, kuku mmoja kwa kila safari. Karani alifungua mlango na taulo begani.

"Mzee, kuku wa nini?"

"Ni wako. Mna jina moja."

Karani alimtazama kuku, kuku akamtazama Karani, wote wawili shingo juu. Fundi ilibidi ageukie ukutani. Mwenye Duka aliuliza mbona wake mnene namna ile, akajibiwa, "Tulijaribu kumpunguza, hakusikia." Mwalimu mstaafu alipokea wake machozi yakimlengalenga, na papo hapo akamkemea atulie. Jogoo Mkuu alikwenda kwa kinyozi, ambaye hakuwahi kufungua kibanda kwa wakati.

Adhuhuri akabaki mmoja, mtetea mweupe, mkubwa, aliyepiga kelele njia nzima.

"Huyu ni wako, Fundi."

"Si ndiye Kelele, unayemfokea kila siku?"

Mzee aligeuka nyuma kuhakikisha njia ni nyeupe. "Kelele ni jina la mbele ya mke wangu. Jina lake hasa ni Mama Barua."

"Nimesikia!" sauti ikatoka getini. Mama Barua alikuwa amesimama na ndoo, mkono kiunoni. "Kumbe miaka yote hii unayemfokea ni mimi?"

"Wewe sijawahi kukufokea," Mzee alisema. "Ndiyo maana nilihitaji kuku."

Waliondoka kesho yake. Wapangaji wapya walimwaga saruji uani, wakaegesha gari, wakang'oa mabati na kujenga ukuta wa matofali. Wateja waliokuja kujaribisha nguo walisifia utulivu. "Hapa kwako pametulia, Fundi." Naye aliitikia, "Sana," kisha akakuta miguu yake imesimama juu ya kanyagio bila sababu.

Kila Jumapili Mama Barua alipiga simu.

"Na mimi, sijambo huko?"

"Hujambo, Mama. Umetaga jana na leo."

"Na kelele?"

"Hilo usiulize."

Kuku mweupe aliishi kwa Fundi miaka mitatu. Alipokufa, Fundi alishika simu robo saa kabla ya kupiga. Mama Barua akasema, "Basi nimejitangulia," wakacheka mpaka wakashindwa kuagana vizuri.

Mwaka uliofuata, Mzee mwenyewe alifariki. Fundi na mumewe walisafiri kwenda kumzika. Lori lilibeba nusu ya mtaa. Karani alikaa mbele, Mwenye Duka alikuja na chakula cha njiani akakigawa chote.

Mama Barua alirudi mtaani mara moja tu baada ya hapo, binti yake alipokuwa na shughuli za ofisi mjini. Aliingia chumba cha nyuma na mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na gauni la buluu ambalo Fundi alimshonea enzi zile.

"Limenipwaya," alisema. "Nipime."

Fundi alimzungushia futi kifuani. Gauni lilikuwa la arobaini na sita. Futi ilisoma thelathini na tisa. Akarudia kupima.

"Nimekonda, eh?"

"Kidogo, Mama."

"Usinidanganye na futi unayo mkononi."

Fundi alichukua chaki, akapiga mistari ubavuni. Alipogusa mkasi, Mama Barua akamshika mkono.

"Usikate. Libane tu. Nitanenepa tena."

Hakukata. Alilipunguza pande zote mbili, akaacha kitambaa cha vidole vitatu ndani ya kila mshono, akalipiga pasi. Kisha alimvalisha yeye mwenyewe, akamfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja bila haraka. Mama Barua, amesimama mbele ya kioo, alikuwa anasimulia habari za jirani wa kule kwa binti yake, mtu mwenye mbwa wanne na asiye na adabu hata ya kuuza, na alizisimulia kwa nguvu kiasi kwamba nyuma ya ukuta wa matofali dirisha lilifunguliwa, na mpangaji mpya akatoa kichwa kutazama ni nani aliyefika.