Asali ya Ngolo

Mimi Mbuke sijazoea kukatazwa, na anayenikataza akiwa mkamwana wangu, ndiyo kabisa. Lakini Verediana alinikataza, nyumbani kwake Kihesa, pale Iringa mjini, mbele ya mwanangu Limbu, kibuyu nimekipakata.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Mume wangu Ngolo alirina asali, akaniambia niitunze. Mjukuu wetu akizaliwa, atamlambisha kwa kidole chake mwenyewe, maana kwao ndiyo kazi ya babu. Masika hayajaisha, homa ikamchukua. Mtoto akazaliwa babu yuko kaburini, akapewa jina lake. Basi kidole kikabaki changu.

Nikapanda lori la mpunga kutoka Madibira, nikafika Iringa vumbi mpaka kwenye kope. Mtoto ana miezi mitatu, paji la uso ni la mume wangu tupu. Nikafungua kibuyu. Verediana akamvuta mtoto kifuani. Akasema Evarista, nesi wa kliniki, amewaonya kina mama wote: mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali hata tone. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi, vikamlegeza mwili mpaka kupumua kukamshinda. Akitimiza mwaka tumbo limekomaa, ruksa.

Nikamwambia kwamba mumewe Limbu alilambishwa akiwa na siku saba, na mtazame hayo mabega. Limbu akatazama chini.

Eti vijidudu. Sisi ni watu wa ng'ombe, maziwa tukiyatilia shaka tunayachemsha, yameisha. Asubuhi Verediana alipokwenda bombani, nikaitia asali yote sufuriani, nikachochea moto mpaka ikafura na kuungua. Aliporudi nikamwambia haya, vimekufa.

Hakunijibu kwa ukali, ndiyo maana iliniuma. Alipiga magoti.

"Mama, hata ikichemka havifi. Nilimuuliza Evarista hilo hilo, kwa sababu na mimi nilitaka umlambishe."

Nikairudisha asali kibuyuni, nikafunga mzigo, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jamani, mwaka ni mrefu. Sukari ikaadimika, majirani wakaja kuomba asali ya chai, nikawafukuza. Mwenyewe sikuionja. Jioni nilikuwa nafungua kibuyu nanusa tu, nautafuta ule moshi wa Ngolo wa kufukuzia nyuki, naambulia harufu ya sufuria. Nilimtamani mume wangu, nikamtamani na yule mtoto mwenye paji lake, na nyumbani sikuwa na hata mmoja.

Mpunga ulipovunwa tena, walikuja wote watatu. Sikuwa nimewaita. Mtoto alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Verediana mwenyewe ndiye aliyekwenda kukitungua kibuyu, akanipa kwa mikono miwili.

"Ametimiza mwaka, mama. Asali ya mtu mwingine hatujampa."

Nikamimina bakulini, nikachovya kidole. Ngolo mdogo akalamba, akakunja uso, akalamba tena. Mara akatumbukiza mkono wake mzima bakulini, akanisukumia vidole mdomoni.

Nikalamba. Ilikuwa chungu kwa kuungua. Lakini chini ya uchungu ule utamu ulikuwepo, ule ule aliokuwa akiniletea mume wangu kutoka porini. Nililia mbele ya mkamwana wangu, na sikuona haya.