Mgeni Aliyeulizwa Chai

Mwaka ule wa sitini na tisa, mtu wa Nyeri akikuuliza kama umekunywa chai, hakuwa anauliza habari ya kikombe. Alikuwa anauliza kama umeapa. Malori yalipita vijijini mchana kweupe, yakabeba watu kwenda kula kiapo cha kabila, na aliyekataa alirudi mgongo umevimba, kama alirudi. Neno kiapo halikutajwa. Ilikuwa chai, basi.

Nehemiah Wandera hakujua. Alitoka Uganda, upande wa Busia, kanisa lao limemtuma asome useremala katika chuo kidogo juu ya mji. Alifika na sanduku kichwani, meno yakigongana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, na huo mlima aliosimuliwa hakuuona.

Theuri, kijana wa Endarasha aliyepangiwa naye chumba kimoja, alimpokea vizuri. Akamwonyesha kitanda, akamwonyesha choo, akamwambia kwamba kulala na blanketi moja huku ni kujidanganya.

"Basi tutafute chai," Wandera akasema.

Theuri alifunga mlango kwanza. "Ndugu, mimi nimeokoka. Hiyo chai ya huku sinywi. Na wewe usiitajetaje."

"Hata ya maziwa?"

"Hata ya nini. Omba uji."

Wandera akacheka. Kwao kulikuwa na walokole wasiogusa pombe, na wengine wasiovuta hata ugoro. Wa kukimbia chai ndiyo kwanza anamwona.

Alasiri Kihara, msimamizi wa bweni, aliingia bila kubisha. Nyuma yake alisimama mtu wa koti refu ambaye hakusalimia.

"Huyu ametoka wapi?" Kihara akauliza.

"Uganda, bwana," Wandera akajibu.

"Ati Uganda. Na huko mmekunywa chai?"

"Kila siku, bwana. Na sukari."

Kihara alicheka. Mwenye koti hakucheka. Alimgeukia Theuri, akamuuliza kwa Kikuyu, polepole. Theuri alikuwa akikunja shati, na aliendelea kulikunja. Kusema ndiyo kungemwokoa, wengi walisema hivyo wakaachwa. Lakini mlokole hadanganyi, na kusema hapana ni kujipeleka. Akakunja mkono wa pili wa shati.

Katika maneno yale yote Wandera alishika moja, chai. Akaona mwenzake anaona haya mbele ya wakubwa, akamsaidia.

"Hajanywa, bwana. Yeye hanywi kabisa. Ni mambo ya wokovu."

Shati likaacha kukunjwa.

"Vaa viatu," Kihara akamwambia Theuri.

Theuri alifunga kamba za viatu, akachukua Biblia, akairudisha kitandani, akatoka nao. Wandera alidhani wanakwenda kumbembeleza kwa mandazi.

Akaenda jikoni kuomba uji. Mpishi, Mama Phelister, alikuwa Msamia kama yeye, ila wa upande wa Kenya, akafurahi kupata mtu wa kuongea naye lugha yao.

"Na mwenzako hali?"

"Wamempeleka kunywa chai."

Mama Phelister aliacha kukoroga. Alisukuma mlango ukafungika, akamweleza kwa maneno machache, bila kuyalainisha. Kisha akauliza, "Sasa nani aliwaambia hajanywa, mwanangu?"

Wandera alikuwa ameshafungua mlango anakimbia.

Lori lilikuwa bado langoni, injini inanguruma. Nyuma walisimama wanaume, kofia zimeshushwa.

"Bwana Kihara, nilikosea. Amekunywa. Alikunywa zamani."

Kihara alimsogelea. "Saa ile chai yako ilikuwa na sukari tu. Sasa hii nyingine umeijulia wapi? Nani amekufundisha?"

Ukungu ulikuwa umeinuka, na juu ya bweni moshi wa jikoni ulionekana vizuri. Wandera hakugeuza shingo.

"Hakuna mtu, bwana."

"Hakuna," akasema mwenye koti, kwa Kiswahili chake cha kwanza siku ile. "Huyu mwanafunzi iko na akili. Amefika leo, amejifundisha. Wacha apande amalize masomo."

Wakamfungulia nyuma. Theuri alisogea akampa nafasi, akamshika mkono kumvuta juu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Wageni hawapelekwi," alinong'ona. "Sijawahi kusikia mgeni amepelekwa. Sijui watakufanya nini."

Lori likaondoka. Kwenye njia panda halikushuka mjini kama malori mengine. Lilipinda upande wa msitu, na dereva akawasha taa ingawa jua lilikuwa halijatua.