Jiwe Moja la Faleniu

Mhandisi Faleniu alikuwa amejenga kisiwa kizima cha Savai'i, huko Samoa, au ndivyo alivyotaka watu waamini. Shule, gati, matangi, makanisa ambayo vimbunga vilipita na mapaa yakabaki: yote alikuwa tayari kukuhadithia, uombe usiombe. Lakini aliyojivunia kuliko zote ni kazi yake ya kwanza, daraja la zege kati ya vijiji vya Saleaga na Vaimatai. "Jiwe moja," alimwambia kila aliyekosa pa kukimbilia, "toka ng'ambo hadi ng'ambo. Halina kiungo."

Sasa alikuwa amestaafu, na kando ya daraja lake lilisimama jipya, lililojengwa na Lauina, bintiye wa kumzaa. Mzee aliliangalia mara moja tu akasema linafaa kuanikia nguo. Lauina alicheka mbele za watu. Nyumbani hakucheka.

Kilichobaki ni kuliondoa la zamani kabla ya mvua, maana magogo ya mafuriko yangenasa pale na kulisomba jipya. Wizara ilimpa Lauina hadi Jumamosi, siku ya ufunguzi. Akishindwa, kazi anapewa mwingine.

Siku ya kubomoa, vijiji vyote viwili vilikuja na mikeka na magimbi. Nyundo ya mashine ikagonga, ikagonga tena, mwisho ikavunjika yenyewe. Watu wakapiga vigelegele, na Faleniu akawashinda wote.

"Leteni nyingine!" alipaza sauti kutoka kitini. "Leteni na za mjini Apia!"

"Baba Lauina," alisema mkewe, Penina, akimenya gimbi, "unamzomea nani?"

"Mashine."

"Mashine haina machozi. Hebu mtazame mwanao."

Akamtazama. Lauina alikuwa kando ya nyundo, anajifanya kusoma karatasi aliyoishika juu chini. Mzee alisikia uchungu ambao hakuutegemea, akachukua mkongojo wake akamfuata.

"Si jiwe moja," alimwambia.

"Baba, sina muda wa utani leo."

"Nakwambia si jiwe moja! Kipande cha kati kimeegeshwa tu kwenye ncha za vile viwili vya pembeni. Viungo nilivipiga plasta. Ikwangue, kiinue kwa winchi, kinatoka kama droo."

Lauina alimkodolea macho. "Na kwenye michoro?"

"Michoro ilichukuliwa na kimbunga. Sikuililia."

"Sasa ulificha kwa nini, baba?"

"Wewe unawajua watu hawa? Wangeuona mstari, wangesema ndio mpaka. Cha kati kingepiganiwa mpaka leo."

Plasta ikakwanguliwa, winchi ikavuta, na kipande cha kati kikapanda juu taratibu. Kisha mtu akapiga kelele, "Mwongo mkubwa wewe!" na kicheko kikaenea kingo zote mbili. Faleniu alitamani mto umchukue.

Kipande hakijatua bado, Chifu Seumanu wa Saleaga akasimama. "Hicho ni chetu. Kitakaa mbele ya kanisa."

"Chenu tangu lini?" aliruka Chifu Tofaeono wa Vaimatai. "Mke wangu ameuza nazi hapo katikati maisha yake yote!"

"Na nguruwe wetu alizalia wapi? Si hapo hapo?"

Walibishana hadi pembe ya sala ya jioni ilipolia, wakaenda kuomba kila mmoja kwake, na bila shaka waliomba kitu kile kile. Lauina aligeuka akalitazama daraja lake jipya. Katikati palikuwa na mstari wa kiungo, mweusi, unaonekana na kila mwenye macho.

"Niitie fundi plasta," alimwambia msimamizi wake. "Sasa hivi."

Jumamosi, nyimbo zilipokwisha, Chifu Seumanu aligonga daraja jipya kwa fimbo. "Na hili, lina vipande vingapi?"

Watu waliacha kutafuna. Lauina aliitupia jicho plasta mpya. Ndipo Faleniu akajikongoja mbele, akaweka mguu wake juu ya kiungo chenyewe.

"Jiwe moja," alisema. "Toka ng'ambo hadi ng'ambo. Mimi na ujana wangu wote nisingeweza kujenga hivi."

"Lakini wewe ni mwongo, Faleniu!" alisema Seumanu.

"Kwa madaraja yangu tu, mheshimiwa."

Wakacheka, wakaanza kuvuka. Lauina alimshika baba yake mkono kwa nguvu, macho yamemjaa maji.

"Plasta hii itapasuka kabla ya Krismasi," mzee alimnong'oneza. "Niite, nije na ndoo nikuoneshe inavyozibwa."