"Iwe" Mbele ya Ahedi

Zione hasemi. Anasikia kila kitu, anacheka kabla mzaha haujaisha, na ukimdanganya anakukazia macho mpaka ukiri mwenyewe. Lakini ulimi na mikono yake havimtii tangu alipozaliwa. Mama yake, Fainess, ni mtoto wa dada yangu, na kwetu watoto wa dada husimamiwa na mjomba. Kwa hiyo mwalimu mkuu, ambaye kijiji kizima kinamwita Ahedi, alipotaka kumwondoa Zione shuleni, aliniita mimi.

"Mzee Namalomba," aliniambia, "mwakani ni darasa la tano. Huko wanafunzi wanajibu maswali. Mjukuu wenu anabonyeza tu. Kuna shule ya bweni ya watoto kama yeye, kule kusini. Nataka kuwaandikia barua."

"Anabonyeza majibu," nikasema.

"Kisanduku ndicho kinachojibu, mzee. Hata kuku akikanyaga kile kitufe, kitasema asante."

Mimi nilisoma utu uzimani, jioni, baada ya kubeba marobota ya tumbaku mchana kutwa, na najua mtu anavyotazamwa akichelewa kutoa jibu.

Kisanduku chenyewe kililetwa na Madamu Kachingwe, mwalimu anayezunguka shule za huku kwetu akiwasaidia watoto wenye ulemavu. Kina vitufe vikubwa vyenye picha, na kila kitufe hutoa neno lililorekodiwa kwa sauti ya mtu. Betri yake tunachaji kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwanzoni Madamu alirekodi sauti yake mwenyewe, maneno ya adabu matupu: Naomba maji. Asanteni. Nimefurahi kuwaona. Zione alikibonyeza siku chache, kisha akakiacha. Ukimsogezea, anageuza uso.

Aliyeona kasoro ni mwenzake wa dawati, Tadala, binti wa fundi baiskeli, mtoto mwenye mdomo usiochoka.

"Madamu, nani anaongea hivi?" aliuliza. "Mtu akininyang'anya penseli, nimwambie nimefurahi kuwaona?"

Madamu alicheka, akamwachia kisanduku. Mapumziko yote wasichana wale wawili walikaa nyuma ya darasa. Tadala alitaja neno. Zione akilitaka aliinua macho juu, asipolitaka aliyafumba. Mengi aliyafumbia. Kengele ilipolia, kisanduku kilikuwa kinasema kwa sauti ya Tadala: Iwe. Mimi. Mwongo. Ngoja. Rudia. Sogea huko.

Tangu hapo Zione hakukiacha. Siku moja nilimpelekea togwa, nikamkuta mvulana mmoja ameegemea dawati lake.

"Iwe. Sogea huko," kisanduku kikasema.

"Zione siku hizi mkali," mvulana akalalamika, lakini alisogea.

Sasa, kwetu "iwe" ni "wewe" ya watoto kwa watoto. Mtu mzima huambiwa "inu", kwa wingi, hata akiwa peke yake. Mimi hata mke wangu namwita hivyo. Mtoto akimwambia mwalimu "iwe", hupelekwa kwenye bustani ya shule akafanye kazi. Tadala alirekodi maneno ya kucheza na wenzao. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja Zione atataka kuongea na mkubwa.

Nilimwomba Ahedi jambo moja: kabla ya barua, aje amwulize Zione mwenyewe darasani.

"Sawa," akasema. "Akinijibu yeye, na si Madamu, sitaandika."

Siku yenyewe nilikaa nyuma, kwenye benchi la watoto, magoti karibu na masikio. Madamu alisimama mlangoni, mikono mgongoni, ili asije akashukiwa. Ahedi alichukua chaki akachora mbuzi ubaoni, mwenye pembe na ndevu.

"Zione," akasema polepole, kama anayemlisha mtoto uji. "Huyu ni kuku. Sivyo?"

Wengine walicheka. Zione alitazama ubao, akamtazama Ahedi. Mkono wake ukaanza safari. Ulitetemeka, ukapita kitufe, ukarudi. Ahedi akafungua mdomo aendelee.

"Msubirini," Madamu akasema kutoka mlangoni.

"Iwe," kisanduku kikasema. Mkono ukahangaika tena kwa muda mrefu. "Mwongo."

Hakuna aliyecheka. Ahedi aliweka chaki chini.

"Tadala. Simama."

"Sijasema kitu, Ahedi."

"Mimi si kiziwi. Sauti yako naijua, inanichosha tangu darasa la kwanza. Nenda bustanini."

"Lakini Ahedi, ni Zione…"

"Zione hasemi."

Tadala akaondoka kwenye dawati. Alipofika mlangoni, sauti yake ilisikika nyuma yake.

"Mimi."

Aligeuka, midomo imefungwa. Sote tulimwona.

"Mimi," kisanduku kikasema. "Ngoja. Mimi. Mimi." Zione alikuwa anatoka jasho, mkono wake ukigonga kitufe kama anayebisha hodi.

Nilisimama. "Ahedi, kama aliyewatukana ni kisanduku, kipeni jembe kisanduku. Kama ni Tadala, tuelezeni amesemaje bila kufungua mdomo. Na kama ni Zione, mwadhibuni Zione. Lakini hapo barua haipo tena."

"Mzee, mnafurahi mjukuu wenu kunitukana?"

"Nina aibu kubwa," nikasema. Ilikuwa kweli. Uso wangu tu ndio haukutaka kuonyesha.

Ahedi akaenda mpaka kwenye dawati la Zione na kuinama. Hakumtazama Madamu, wala kisanduku.

"Ni wewe uliyeniita mwongo?"

Zione akainua macho juu.

"Basi, bustani ni yako. Wiki nzima utamwagilia mboga."

"Nitamshikia ndoo," Tadala akasema kutoka mlangoni.

"Hakuna aliyekuuliza," Ahedi akasema, lakini hakumkataza. Akamgeukia tena Zione. "Na usikie vizuri. Ukifika darasa la tano, mwalimu haitwi 'iwe'. Darasa la tano ni la watu wenye adabu."

Mkono wa Zione ukaanza safari tena. Safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa asubiri.

"Rudia," kisanduku kikasema.

Ahedi alifumba macho, akavuta pumzi.

"Mkubwa anaambiwa 'rudieni'," akamsahihisha. Kisha akarudia.